Mitandao ya Wafanyabiashara na Wananchi katika Ujenzi wa Jiji la Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Kati ya mwaka 1949 na 1979 jiji la Dar es Salaam liliandikiwa mipango mikuu mitatu. Wa kwanza, wa 1949, uliandaliwa na kampuni ya Kiingereza ya Sir Alexander Gibb na wenziwe. Wa pili, wa 1968, ulitungwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto. Na wa tatu, wa 1979, ulitoka kwa Marshall Macklin Monaghan, nayo pia ya Kanada. Kila mmoja ulichora barabara, ukagawa makazi kwa madaraja na kutenga maeneo ya viwanda na mabonde ya kuachwa wazi. Hata hivyo, mtu atakayezunguka jijini leo akiwa na ramani hizo mkononi atapotea mapema. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu zaidi ya 270,000. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani, na walio wengi miongoni mwao wanaishi katika maeneo ambayo hayakupimwa kabla ya kujengwa. Licha ya hayo, maeneo hayo si pori. Yana vichochoro vinavyopitika, maduka, misikiti na makanisa, na mipaka ya viwanja ambayo majirani wanaijua na kuiheshimu hata pale ambapo hapana jiwe la mpimaji.

Swali linalozuka ni hili: ikiwa jiji halikujengwa na ramani, lilijengwa na nani? Makala haya yanajaribu kulijibu kwa kuitazama mitandao ya wafanyabiashara na wananchi iliyokuwapo Dar es Salaam tangu miaka ya 1930. Hoja yake ni kwamba mitandao hiyo ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi ambayo mipango mikuu ilikusudia kuifanya. Lakini kile kinachoipa nguvu, yaani kujuana na kuaminiana kwa walio ndani, ndicho pia kinachowaacha wengine nje.

Dhana yenyewe inahitaji ufafanuzi kidogo. Neno mtandao linatokana na kitenzi tanda, ambacho ndicho kilichotupa pia utando wa buibui. Siku hizi neno hili humpeleka msikilizaji moja kwa moja kwenye kompyuta na simu. Hapa linatumika kwa maana ya watu waliofungamana kwa kukopeshana, kudhaminiana, kuzikana na kuoneana aibu. Mtandao si lazima uwe chama. Chama kina katiba, mwenyekiti na muhuri. Mtandao waweza usiwe na lolote kati ya hayo. Walakini, chama chenye uhai aghalabu ni mtandao uliokwishajipatia muhuri, na chama kisichokuwa na mtandao nyuma yake ni muhuri mtupu. Tofauti hii itakuwa na maana hapo mbele.

2.0 Ustawi na biashara bega kwa bega

Mji ulioanzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima ulifanywa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mwaka 1891. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliugawa kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kariakoo, ambayo jina lake ni kumbukumbu ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, iliwekwa kuwa makazi ya Waafrika. Serikali ilipima viwanja, ikaweka kodi, na kwa mengine mengi iliwaachia wakazi wenyewe.

Wakazi hao walitoka makabila mengi na hawakuwa na jamaa wa karibu mjini. J.A.K. Leslie, katika uchunguzi wake wa mji uliochapishwa mwaka 1963, anaeleza jinsi mgeni alivyopokelewa na watu wa kwao, na jinsi watani na vyama vya kikabila walivyobeba jukumu la maziko. Mtu asiyekuwa na wa kumzika alikuwa hana mji. T.O. Ranger (1975) naye ameonyesha kwamba vikundi vya ngoma vya pwani vilikuwa na vyeo, nidhamu na michango, na kwamba kwa njia ya mashindano yao watu walijifunza kuongoza na kuongozwa. Mambo haya huonekana madogo kwa mtaalamu wa mipangomiji. Kwa hakika ndiyo yaliyokuwa serikali ya mtaa kwa walio wengi.

Hatua iliyofuata ni ya kuvutia zaidi. Mwaka 1929 ilianzishwa African Association, ambayo viongozi wake walikuwa zaidi makarani na walimu. Mwaka 1934 Erica Fiah, mwenye duka aliyezaliwa Uganda, alianzisha Chama cha Ustawi na Biashara cha Waafrika wa Tanganyika; na mwaka 1937 akaanza kuchapa gazeti la Kwetu. Jina la chama hicho lastahili kuzingatiwa. Ustawi na biashara vimewekwa pamoja pasipo kuomba radhi, kama kwamba mwenye duka hawezi kupata faida katika mtaa usiokuwa na shule, maji wala sauti mbele ya serikali. Fiah alihitilafiana na makarani, na chama chake hakikudumu kwa nguvu ile ile; lakini gazeti lilithibitisha jambo moja, kwamba Mganda, Mzaramo, Mmanyema na Mnyamwezi wangeweza kuzungumzia bei, kodi na heshima yao katika lugha moja. Kiswahili hakikuwa pambo la mtandao huo. Pasipo Kiswahili mtandao ungekoma mwisho wa kabila.

Ni katika jengo la chama lililokuwa New Street, ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Historia ya siasa imeandikwa kwa kirefu na haina haja ya kurudiwa hapa. Linalohusu hoja yetu ni namna chama kilivyoenea. Fedha na vyombo vya mwanzo vilitoka kwa watu wa biashara na wa mjini kama John Rupia na Dossa Aziz. Na wanawake waliandikishwa kwa maelfu baada ya Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji, kuvifuata vikundi vya ngoma na lelemama ambavyo tayari vilikuwa na viongozi na wanachama. Susan Geiger (1997) amelieleza jambo hili kwa ushahidi wa wanawake wenyewe. TANU haikuuanza mtandao, iliukuta umetandazwa.

Upande wa Uhindini mambo yalikwenda kwa mkondo kama huo, ingawa kwa mitaji mikubwa zaidi. Jumuiya za kidini zilijenga shule, zahanati na majumba kwa fedha za waumini wafanyabiashara, na nyumba za Upanga zilizojengwa na Waismailia katika miaka ya 1950 zingalipo hadi leo kama ushahidi kwamba mkopo wa jumuiya waweza kuzaa mtaa mzima. Mitandao hiyo miwili, ya Kariakoo na ya Uhindini, ilikutana kila siku dukani, mmoja akiuza kwa jumla na mwingine kwa rejareja, lakini ilikutana kwa nadra mno penginepo. Jambo hilo liligharimu. Mwaka 1971, sheria ya kutaifisha majumba ilipopitishwa, wenye nyumba wengi walikuwa Waasia, na ni majirani wachache waliojitokeza kuwatetea.

3.0 Mji bila baraza

Sera ya Madaraka Mikoani ya mwaka 1972 ilifuatiwa na kuvunjwa kwa mabaraza ya miji. Mitaro ilizibika, barabara zikachimbika, na kipindupindu kiliingia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mabaraza yalirejeshwa mwaka 1978, lakini yalirudi yakiwa na mikono mitupu. Wakati huo huo thamani halisi ya mishahara ilikuwa ikishuka, hata kufikia katikati ya miaka ya 1980 mshahara wa mwezi haukuweza kumlisha mfanyakazi na familia yake kwa zaidi ya siku chache.

Aili Mari Tripp (1997) ameeleza jinsi wakazi walivyokabiliana na hali hiyo kwa miradi ya nyumbani: kuuza maandazi na vitumbua, kufuga kuku na ng'ombe wa maziwa, kushona na kusuka. Mtaji wa kwanza haukutoka benki. Ulitoka kwenye upatu, ambapo wanawake kumi au ishirini huchangia kiasi sawa kila wiki na kumpa mmoja wao jumla yote kwa zamu. Anayepokea mwanzo anakopeshwa na wenziwe wote. Anayepokea mwisho amewawekea akiba. Hakuna karatasi. Dhamana pekee ni kwamba atakayekimbia hataweza kuonekana tena kisimani, msibani wala harusini. Ni vigumu kupata chombo cha fedha chenye gharama ndogo kuliko hicho, na ni vigumu vilevile kukitumia nje ya mtaa ambamo watu wanajuana.

Serikali ilikuwa na mawazo mawili. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvu kazi, ambayo kwayo wachuuzi walikamatwa na kupelekwa mashambani. Mwaka huo huo yaliruhusiwa rasmi mabasi ya watu binafsi, ambayo kabla ya hapo yalikimbizana na polisi kwa sababu shirika la usafiri la umma halikuwa na magari ya kutosha. Kondakta alinadi nauli ya shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na hivyo lugha ikapata neno daladala. Njia za mabasi hayo hazikuchorwa na mpangaji yeyote. Zilifuata abiria, na abiria walifuata viwanja. Viwanja vyenyewe viliuzwa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, kiongozi wa ngazi ya chini kabisa katika mfumo ulioasisiwa na TANU katika miaka ya 1960. Mjumbe alikuwa mtu wa chama. Lakini mbele ya muuzaji, mnunuzi na majirani walioitwa kuonyesha mpaka, alifanya kazi ya msajili wa ardhi. Hati hiyo ya mauziano, iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari na kutiwa sahihi za mashahidi, ndiyo iliyoyapanua makazi ya Manzese, Buguruni, Mbagala na kwingineko.

Kesi ya jaa la Tabata inaonyesha upande mwingine wa nguvu hii. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi na uvundo wa taka za jiji, waliishitaki Halmashauri katika Mahakama Kuu, nao wakashinda. Halmashauri iliagizwa iache kutupa taka hapo. Ikaomba muda, ikaomba tena. Katika hatua za baadaye za shauri, mahakama ilifika hata kugusia ibara ya 14 ya Katiba, inayohusu haki ya kuishi. Hatimaye jaa lilihamishwa. Wakazi hawakuishia hapo, bali walianzisha mfuko wa maendeleo ulioshughulikia maji na barabara za kwao.

Ushindi huo hutajwa mara nyingi kama mfano bora wa raia kuitetea haki yao, na ni kweli. Hata hivyo, haina budi kuulizwa taka zilikwenda wapi. Zilikwenda Vingunguti, karibu na nyumba za watu waliokuwa maskini zaidi. Kutoka hapo zikahamishiwa Mtoni, na mwishowe Pugu Kinyamwezi. Tabata ilikuwa na watumishi wa serikali na watu waliojua kuandika barua na kumtafuta wakili. Vingunguti haikukosa watu. Ilikosa mtandao uliofika mahakamani.

4.0 Kuitwa mezani

Mwaka 1992, mwanzoni mwa mradi wa jiji endelevu uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa, maofisa wa Halmashauri, watu wa biashara na wawakilishi wa wananchi waliketi pamoja kuamua ni matatizo gani yatangulie. Taka zilishika nafasi ya kwanza, na haikuwa ajabu, kwani wakati huo Halmashauri ilikuwa ikizoa sehemu ndogo sana ya taka zilizozalishwa kila siku. Kuanzia mwaka 1994 kazi hiyo ilianza kutolewa kwa kampuni binafsi katika kata za katikati ya jiji. Baadaye, katika mitaa ambayo magari hayapiti, walipewa vijana na vikundi vya akina mama wenye mikokoteni. Kampuni zilipata taabu kutoza ada. Katika mitaa, mzoaji alikuwa mtoto wa jirani, na kumnyima ada yake mbele ya watu hakukuwa rahisi. Ingawa, ifahamike, wapo walionyima.

Mfano uliojadiliwa zaidi ni wa Hanna Nassif, Kinondoni, eneo linaloinamia Bonde la Msimbazi, ambalo kila masika nyumba zake ziliingiwa na maji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi waliunda chama cha maendeleo, na kwa msaada wa mashirika ya kimataifa na wataalamu wa chuo cha ardhi walijenga mitaro na barabara kwa mikono yao. Jambo jipya halikuwa kujitolea, kwa maana wananchi wa Tanzania walikwishachoka na kujitolea kwa kuamriwa. Jipya lilikuwa mkataba: chama cha wakazi kilitia sahihi kama mkandarasi, kikawalipa wafanyakazi waliotoka mtaani humo humo, na wanawake walikuwa sehemu kubwa yao. Aliyechimba mtaro alijua maji yangepita mlangoni kwa nani.

Mitaro ilifanya kazi na mafuriko yalipungua. Kisha kodi za vyumba zikapanda. Walio wengi katika Hanna Nassif hawakuwa wenye nyumba bali wapangaji, na mpangaji aliyebeba mawe ya barabara aligundua kwamba barabara hiyo imemwongezea mwenye nyumba thamani na yeye imemwongezea kodi. Hapana aliyekusudia hivyo. Lakini chama kilikuwa na mizizi kwa wenye nyumba, ambao ndio waliokaa muda mrefu na kujulikana. Mpangaji anayehama baada ya miaka miwili hawezi kuwa na uzito ule ule mkutanoni. Wale waliosifu ushirikishwaji wa jamii hawakutaka sana kuuliza jamii ni nani.

5.0 Kariakoo na suala la orodha

Kariakoo ndipo mitandao ya biashara ya jiji zima inapofungana. Jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na kuzunguka jengo hilo nyumba za Kiswahili za vyumba sita zilipisha maghorofa, kila chumba cha chini kikiwa duka. Nyuma ya maduka yapo maghala, na mbele yake wapo machinga. Kwa mtazamo wa haraka machinga ni adui wa mwenye duka, kwa kuwa anapanga bidhaa mlangoni pake bila kulipa pango. Lakini bidhaa hizo mara nyingi zimetoka duka hilo hilo kwa mali kauli: machinga huchukua mzigo asubuhi kwa ahadi ya mdomo na kurudisha fedha jioni. Wanaolalamikiana mchana hufanya hesabu pamoja magharibi. Mwezi Oktoba 2021, machinga walipoondolewa barabarani kwa amri ya serikali, mlolongo huo ulikatwa upande mmoja, na haukuwa upande wa machinga peke yao.

Vipo vyama vya kuwasemea. VIBINDO, muungano wa vikundi vya biashara ndogo ndogo, ulianzishwa mwaka 1995; machinga nao wana shirikisho lao la SHIUMA. Lakini jengo kubwa lililojengwa Ilala kwa ajili ya machinga lilikaa miaka bila kujaa, kwa kuwa mchuuzi hufuata miguu ya wapita njia na jengo halikuwa katika njia yao. Mtandao ulijua jambo hilo. Haukuulizwa kwa wakati.

Nguvu ya mtandao wa Kariakoo ilionekana wazi tarehe 15 Mei 2023, maduka yalipofungwa kupinga namna kodi zilivyokusanywa na agizo la kusajili maghala. Siku ya tatu Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alikutana na wafanyabiashara hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja, na baadhi ya hatua zilisitishwa papo hapo. Mwezi Juni 2024 maduka yalifungwa tena, na safari hii mgomo ulienea hadi miji mingine. Hakuna amri ya chama iwezayo kufunga maelfu ya milango kwa siku moja. Mwenye duka anayefungua peke yake siku kama hiyo hujitenga na watu wanaomkopesha mzigo, wanaomwazima mashine na watakaomzika. Upatu na mgomo vina dhamana moja.

Hata hivyo, mtandao huo huo unaoweza kumleta Waziri Mkuu haukuweza kuzuia maghorofa yasijengwe na kuchimbuliwa ovyo. Mwezi Novemba 2024 jengo moja la Kariakoo liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Kodi ya siri humuumiza kila mwenye duka kwa wakati mmoja. Ufa katika nguzo humhusu mwenye jengo na wapangaji wake, na kumsema mwenye jengo ni kuhatarisha chumba. Hapa ndipo mkaguzi wa jiji anapotakiwa, na hakuna upatu unaoweza kuwa badala yake.

Limebaki suala la orodha. Soko la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021, na serikali ikaanza kulikarabati na kujenga jingine kando yake. Ilipofika zamu ya kuwarejesha wafanyabiashara mwaka 2024, yalitolewa majina ya watakaorudi. Waliokosa majina yao waliandamana mwezi Julai hadi ofisi ndogo ya chama tawala, Lumumba, katika mtaa ule ule ambapo makarani na wenye maduka wa Tanganyika walikuwa wakikutana miaka 70 kabla yao. Katika soko kama hilo kizimba kimoja kinaweza kuwa na mwenye mkataba, mtu aliyekodishiwa na mwenye mkataba, na msaidizi anayeuza kila siku kwa kamisheni. Wateja wanamjua wa tatu. Daftari la shirika linamjua wa kwanza. Mkutano wa wafanyabiashara huwajua wote watatu, lakini hauna mamlaka ya kuandika daftari.